Kona ya fremu: chagua kiungo kabla hujakata mbao

Mimi ni seremala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutengeneza upya vitu vilivyotengenezwa na wengine: fremu za vioo, za picha, za milango midogo ya makabati, za nyavu za madirisha. Hali huwa ni ileile karibu zote. Mbao ni nzima, kona imeachia. Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza fremu nzuri inaanzia wapi, simtajii aina ya mti wala gundi. Namwambia aanze na kona, tena kabla msumeno haujagusa kitu, kwa sababu kiungo utakachochagua ndicho kinachoamua kila ubao ukatwe urefu gani.

Nitaeleza kwa fremu moja tu ili tuelewane: kwa nje ina sentimita 60 kwa 40, na mbao zake zina upana wa milimita 40 na unene wa milimita 20. Wewe weka vipimo vyako.

Tazama nyuzi kwanza

Nyuzi za mbao zinakwenda kwa urefu. Ukikata ubao kwa kukingama, pale ulipokata ndipo kichwa; pande zake ndefu ni mbavu. Gundi ya mbao inapenda ubavu kwa ubavu. Kiungo cha namna hiyo kikibanwa vizuri, ukija kukivunja, mara nyingi mbao yenyewe huchanika na gundi ikabaki imeshika. Kichwa ni habari nyingine. Ni kama fungu la mirija: kinainyonya gundi, inazama ndani, na kinachobaki juu hakitoshi kushika chochote. Skrubu nayo ikiingia kichwani inapita sambamba na nyuzi, meno yake yanazitenganisha tu badala ya kuziuma, na ikivutwa mara kadhaa inatoka na unga wake.

Sasa angalia kona yoyote ya fremu. Lazima ubao mmoja, au yote miwili, ije na kichwa. Kila kiungo kilichobuniwa kwa ajili ya kona ni njia ya kulikabili tatizo hilo: ama unakata mbao ili mbavu zikutane, ama unakisaidia kichwa kwa kitu kingine. Ukilishika hili, majina ya viungo hayakusumbui tena.

Nani ataivuta, na kutoka upande gani

Fremu iliyogundishwa na kupigiliwa plaiwudi nyuma pande zote haiwezi kulala upande, yaani pembe zake kutoka kwenye mraba. Plaiwudi ndiyo inayozilinda pembe; kona zenyewe zinatakiwa tu zisiachane. Hapo hata kiungo hafifu kinadumu. Fremu tupu katikati inategemea kona zake nne na hakuna mwingine wa kumsaidia. Na tafadhali usihesabu kioo kama msaada: kioo kinatakiwa kikae na nafasi ndogo pembeni, hakibanwi na mbao, kwa hiyo hakizuii fremu kulala.

Mlango wa kabati unashikwa na bawaba upande mmoja, na uzito wote unaivuta chini ile kona ya mbali kila unapofunguliwa. Wavu ukivutwa ukakaza, unazipinda mbao ndefu kwenda ndani. Fremu ya kioo iliyotundikwa ukutani inabebesha mzigo wote ubao wa chini, ambao muda wote unataka kuchomoka na kuanguka. Fremu ya nje inapigwa na maji, na maji huingilia kichwani haraka kuliko ubavuni.

Uliza na jambo la pili: mbele kutaonekana nini? Ukipaka rangi, unaweza kuziba tundu la skrubu na hakuna atakayejua. Ukipaka vanishi, kila kichwa kinachochungulia pembeni kitageuka cheusi kuliko ubavu, kwa sababu kinanyonya zaidi. Wengine wanaipenda sura hiyo. Mimi ni mmoja wao, lakini amua mapema.

Kugotanisha

Hiki ndicho kiungo cha haraka: kichwa cha ubao mmoja kinagota kwenye ubavu wa mwingine, gundi, skrubu, basi. Kinafaa fremu yenye plaiwudi nyuma, na fremu ya kazi za muda. Kwa fremu tupu sikitumii.

Ukikitumia, mpangilio wa mbao una maana kuliko watu wanavyodhani. Chukua ile fremu ya kioo. Ukiacha ubao wa chini upite mzima, na mbao za kusimama zigote juu yake, uzito wa kioo unazichomoa skrubu moja kwa moja kutoka vichwani mwa mbao za kusimama. Huo ndio mvuto zinaouweza kidogo zaidi. Geuza: mbao za kusimama zipite nzima, ubao wa chini ukae katikati yao. Sasa uzito unazikandamiza skrubu kwa ubavu wake, na ili ubao uanguke lazima skrubu zikatike au mbao ipasuke. Mbao ni zilezile, skrubu ni zilezile, lakini fremu ya pili itaishi zaidi ya ile ya kwanza.

Paka gundi kichwani mara mbili. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, usugue kwa kidole, usubiri dakika chache iingie kwenye mirija, kisha paka wa pili ndipo uunge. Weka skrubu mbili kila kona, maana moja peke yake inageuka mhimili na ubao unazunguka juu yake. Kwa mbao zetu zenye upana wa milimita 40 utahitaji skrubu ya kama milimita 80, kwani nusu yake inaishia ndani ya ubao wa kwanza. Toboa ubao huo wa kwanza kwa upana wa kutosha skrubu ipite bila kuuma; kwenye ubao wa pili toboa tundu jembamba la kuiongoza tu. Ikiuma kote kuwili, haivuti mbao zikakutana.

Kuna njia moja ya kukipa kichwa nguvu ambayo ningependa kila mtu aijue. Kwenye uso wa nyuma wa ule ubao wa katikati, kama milimita 25 kutoka kichwani, toboa tundu la milimita 10 katika njia itakayopita kila skrubu, bila kutokeza mbele. Gundisha humo pini ya mti mgumu. Ikikauka, skrubu inayoingia kichwani itakutana na ile pini na kuuma nyuzi zilizokingama. Mbele hakuna kinachoonekana.

Nusu kwa nusu

Ukiniambia unataka fremu imara, una msumeno, patasi, skwea (kipimo cha pembe mraba) na geji (kifaa cha kuchora mstari sambamba na uso wa ubao), na hutaki kujua zaidi, nitakwambia kata nusu kwa nusu. Kila ubao unapunguzwa nusu ya unene wake kwenye ncha, na ncha mbili zinalaliana. Kwa mbao zetu unaondoa milimita 10 kwa kina na milimita 40 kwa urefu. Ukigotanisha, unapata eneo la gundi la milimita 40 kwa 20, tena upande mmoja ni kichwa. Ukilaza nusu kwa nusu unapata 40 kwa 40, uso kwa uso. Eneo limezidi mara mbili na ubora wa mshiko umebadilika kabisa. Mabega mawili yaliyokatwa, yaani kuta fupi mahali mkato unapoishia, yanagota kwenye ubao wa jirani na kusaidia kona isilale.

Kazi yote iko kwenye kuchora. Chagua uso wa mbele wa kila ubao na uutie alama ya penseli. Urefu wa sehemu ya kukatwa usiupime kwa futi. Chukua ubao halisi utakaolala hapo, uuweke juu, uchore kwa kisu kando yake, kisha unyooshe kwa skwea. Kina kichore kwa geji, na geji iegemee uso wa mbele katika mbao zote nne bila kubagua. Halafu, kwenye mbao za kusimama ondoa nusu ya nyuma. Kwenye za kulala ondoa nusu ya mbele.

Kwa nini nasisitiza uso wa mbele? Tuseme geji yako haikukaa katikati kamili, imekaa kwenye milimita 9.5. Ubao wa kusimama unabakiwa na milimita 9.5 za mbele. Ubao wa kulala unaondolewa milimita 9.5 za mbele. Zikilaliana, nyuso za mbele zinakaa sawa kabisa, kwa sababu kilichobaki huku ndicho kilichoondolewa kule. Ukiegemeza geji mbele kwenye ubao mmoja na nyuma kwenye mwingine, kasoro inajitokeza kwenye uso wa mbele, na utairanda hadi uchoke.

Msumeno ukae upande wa taka, mstari ubaki. Kata bega kwanza, kisha ukate njia kadhaa za msumeno katika sehemu ya taka hadi karibu na mstari wa kina, uzivunje kwa patasi, umalizie kwa kulaza patasi bapa ukikata kutoka pande zote mbili kwenda katikati. Ukiisukuma hadi itokeze ng'ambo, itang'oa kipande cha ukingo. Pita patasi kidogokidogo na ujaribishe mara kwa mara. Mbao zikilaliana bila kuchezacheza na bila kupigwa nyundo, umemaliza.

Udhaifu wake ni nini? Nyuzi za mbao mbili zimekingamana, na mbao hujaa na kusinyaa kwa upana huku urefu ukibaki karibu vilevile. Katika mbao za milimita 40 haina madhara. Ukifika kwenye mbao za milimita 100 na zaidi, mvutano huo unakuwa mkubwa na gundi inaanza kuteseka. Hapo mimi huhamia kwenye kiungo cha ulimi, ambacho nitakieleza mbele. Na kama unahitaji ribeti, yaani ile ngazi ya ndani inayopokea kioo, usihangaike kuichimba ipite konani. Gundisha fito nyembamba kuzunguka upande wa ndani wa fremu, zikae nyuma kidogo ya uso wa mbele, na ngazi imepatikana.

Kona ya 45

Hapa kila ubao unakatwa ncha zake kwa mshazari wa digrii 45. Watu wanaipenda, na nawaelewa. Kichwa hakionekani popote, na kama ubao una nakshi mbele, nakshi inazunguka fremu yote bila kukatika. Kwa mbao zenye nakshi sijui njia nyepesi zaidi ya hii. Ila ujue unanunua sura, nguvu utaitafuta kwingine, maana ile mikato ya mshazari yote miwili iko karibu na kichwa kuliko ubavu.

Pia haisamehe. Fremu ina kona nne na mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii tu, kona moja imekosea digrii moja, na ukifika ya nne makosa yote manne yanakusubiri pamoja, ufa unaoingia kucha. Kabla ya kukata mbao zenyewe, kata mabaki mawili, yaunge, uweke skwea ndani ya kona. Kasoro ya mkato inaonekana mara mbili yake hapo, kwa hiyo ni rahisi kuiona. Halafu hakikisha mbao zinazotazamana zina urefu sawa kabisa. Mikato inaweza kuwa 45 safi na bado kona zisifunge kwa sababu ubao mmoja umemzidi mwenzake milimita moja. Pigilia kizuizi kwenye meza, mbao zote mbili za jozi ziguse hapo, zikatwe kwa mpangilio uleule.

Hata ikifunga leo, majira hubadilika. Mbao zikikauka na kusinyaa upana, kona ya 45 inafunguka upande wa ndani. Zikijaa unyevu, inafunguka upande wa nje. Ukiona fremu ya zamani ina ufa mwembamba unaoanzia ndani, aliyekata huenda hana kosa: mbao zimekauka zaidi ya siku ile alipoziunga.

Dawa ya udhaifu ni ufunguo. Unga fremu kwa gundi, iache ikauke, kisha kata njia ya msumeno kukingama ncha ya nje ya kona, upana kama milimita 3, ikipita ndani ya mbao zote mbili. Gundisha humo kipande chembamba cha mti mgumu, kikauke, ukipunguze kwa msumeno, ukisawazishe kwa randa. Kinachoamua hapa ni mwelekeo wa nyuzi za ufunguo. Lazima zivuke kiungo, zitoke kwenye ubao mmoja ziingie mwingine. Zikienda sambamba na ule mstari wa 45, kipande kinapasuka kirahisi kama hakipo. Kabla ya kukigundisha kishike kidoleni, kikunje kidogo: upande unaokataa kukunjika ndio unaotakiwa kuvuka kona.

Ulimi

Kwa mlango wa kabati, au fremu yoyote itakayoshikwa na kuvutwa kila siku, kata ulimi. Wa kwanza ni ulimi wazi: ubao mmoja una ulimi, yaani kipande chembamba kilichobakizwa katikati ya unene wake, mwingine una mdomo ulio wazi hadi nje. Ulimi uwe kama theluthi moja ya unene, lakini ufuate patasi uliyonayo. Kwa milimita 20 mimi naweka ulimi wa 6 na kuta za 7 kila upande. Gundi sasa inashika nyuso mbili za ulimi, kila moja 40 kwa 40, yaani mara mbili ya nusu kwa nusu. Kwa nguvu dhidi ya kulala upande, hiki ni kiungo bora sana, na chote kinakatwa kwa msumeno isipokuwa ile taka ya ndani ya mdomo.

Wa pili ni ulimi unaoingia kwenye tundu lililofungwa. Ndio wa milango. Tundu likichimbwa hadi mwisho kabisa wa ubao, linakosa ukuta wa juu na ulimi utachungulia. Kwa hiyo ulimi wa konani hupunguzwa upana upande wa nje, karibu robo au theluthi, na pale ulipopunguzwa unaacha kibega kifupi ili ubao usijipinde. Tundu lichimbwe kina cha milimita 2 zaidi ya urefu wa ulimi, gundi ipate pa kukimbilia. Na mbao za kusimama ziache ndefu, milimita 20 zaidi kila ncha, mpaka fremu iwe imeungwa na kukauka. Ziada hiyo inazuia kichwa kisipasuke unapochimba na unapokaza.

Pini za mti, zinazoingia nusu huku nusu kule, zinafanya kazi nzuri kama matundu yanakutana. Bila kiolezo cha kutobolea hayatakutana, na nusu milimita inatosha kukuharibia uso. Chuma cha umbo la L nyuma ya kona ni msaada wa fremu inayougua. Kinazuia isilale, lakini skrubu zake zikilegea, umerudi ulipokuwa.

Urefu wa kukata

Rudi kwenye fremu yetu ya 60 kwa 40. Kwa nusu kwa nusu, kwa ulimi wazi na kwa 45, kata mbao mbili za sentimita 60 na mbili za 40. Kwa 45 vipimo hivyo ni vya ncha hadi ncha kwa nje. Kwa kugotanisha, mbao za 60 zinabaki nzima, za katikati zinapungua upana mara mbili: 40 toa 8, ni 32. Kwa ulimi wa tundu lililofungwa, wenye urefu wa milimita 25, chukua hiyo 32, ongeza ndimi mbili, unapata 37. Nimeshaona mbao nzuri zimekatwa zote kwa urefu wa kugotanisha, kisha mwenye nazo akabadili mawazo, na fremu ikawa ndogo kuliko kioo chake.

Kuunga

Unga kwanza bila gundi, na klempu (vibano) zikiwa zimekazwa, kwa sababu kona inaweza kuonekana imefunga hadi ibanwe. Pima mshazari wa kona hadi kona, pande zote mbili. Zikilingana, na mbao zinazotazamana zikiwa na urefu sawa, fremu imenyooka. Kwa 60 kwa 40 utasoma kama milimita 721. Mshazari mmoja ukizidi, bana kidogo kwa kufuata mshazari huo mrefu mpaka ilingane. Kisha inama, utazame ubao wa mbali juu ya ubao wa karibu. Kama hazilali sambamba, fremu imejipinda, na ikikauka hivyo haitanyooka tena.

Gundi nyembamba kwenye nyuso zote zinazokutana, kaza hadi iteme vitone vidogo kuzunguka kiungo, futa kwa kitambaa kibichi kama utapaka vanishi, maana gundi iliyokauka inakataa rangi ya vanishi na doa linabaki. Pima mshazari tena baada ya kukaza. Nusu kwa nusu inahitaji klempu ndogo ya ziada juu ya kona yenyewe, ikibana uso kwa uso. Klempu za pembeni peke yake hazizifikii nyuso zile. Iache usiku kucha.

Asubuhi kata zile ncha za ziada, kisha sawazisha vichwa kwa randa kali ambayo kisu chake kimetokeza kidogo sana. Anzia nje ya kona ukisukuma kwenda ndani, ili nyuzi za kichwa ziwe na ubao wa jirani wa kuziegemea. Ukisukuma kutoka ndani kwenda nje, zile za mwisho hazina kinachozishika na zitachanika.